Shotigani ya kujijaza yenyewe: Piga hesabu kabla ya kununua

KILA mahindi yanapoanza kubeba, mkulima aliyelima kando ya pori hupata ajira ya pili. Mchana anapalilia, usiku anapanda dunguni kugonga debe. Nyani na tumbili wanakuja jua likiwaka, nguruwe pori wanakuja watu wakisinzia, na asubuhi anayehesabu hasara ni yule yule mmoja. Akichoka, wazo linalomjia ni kununua bunduki.

Zamani wazo hilo liliishia kwenye gobore. Siku hizi mkulima au mfanyabiashara aliyepata chochote baada ya mavuno akiingia kwenye duka la silaha mjini ataonyeshwa shotigani, yaani bunduki ya marisawa, za kila namna. Ya kisasa kuliko zote, ataambiwa, ni ile inayojijaza yenyewe. Unavuta triga, risasi inatoka, ganda linaruka pembeni, na risasi nyingine inaingia bila wewe kugusa kitu. Inapiga kanga na kwale, inapiga nguruwe, inalinda shamba na nyumba.

Ni bunduki nzuri, hilo halina ubishi. Lakini bunduki ya kuaminika si ile yenye jina kubwa lililochongwa ubavuni. Ni ile unayoweza kuimiliki kihalali, kuilisha kwa risasi zinazopatikana mjini kwenu, na kuisafisha kwa mikono yako. Makala haya yanaeleza mambo ya kupima, tukianza na lile ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshalipa.

Sheria kwanza, fedha baadaye

Tanzania, umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Maombi huanzia kwenye serikali ya mtaa au kijiji unakoishi na kupanda ngazi hadi polisi na kamati za ulinzi na usalama. Anza huko. Eleza aina ya bunduki unayoitaka na kazi yake, upate jibu, ndipo uende dukani. Ukilipa kwanza, unaweza kubaki na risiti ya kitu usichoruhusiwa kukichukua.

Kumiliki bunduki ni jambo moja, kuwinda nayo ni jambo jingine. Uwindaji una leseni yake, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Hapa ndipo mnunuzi wa shotigani ya kujijaza anapaswa kusoma mara mbili. Sheria hiyo inakataza, bila kibali cha maandishi, kuwinda mnyama kwa silaha inayojijaza yenyewe zaidi ya mara moja pasipo mpigaji kufanya kitu kingine. Kwa maneno mepesi, ile bunduki yenye risasi tano ndani inayosifiwa dukani inaweza kuwa halali kabatini na ikawa kosa porini.

Tanzania haiko peke yake katika hili. Marekani, anayewinda ndege wanaohama hutakiwa kuwa na bunduki isiyobeba zaidi ya risasi tatu kwa jumla, na utaratibu huo una miaka mingi, tangu 1935. Ulaya nako, Mkataba wa Bern wa mwaka 1979 unakataza kuwinda kwa bunduki za kujijaza ambazo magazini yake inabeba zaidi ya risasi mbili. Ndiyo maana shotigani nyingi za kujijaza huuzwa zikiwa na kijiti cha mbao au plastiki cha kuweka ndani ya magazini ili kupunguza idadi ya risasi. Muulize muuzaji kama kijiti hicho kipo. Kisha nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), umuulize kama bunduki hiyo ikipunguzwa hivyo inakubalika kwa uwindaji unaokusudia. Jibu lake lipate kwa maandishi.

Mkulima ajue pia kwamba mnyama aliyeuawa kwa kulinda maisha au mali ni lazima aripotiwe, na nyama yake si kitoweo chako wala bidhaa ya kuuza. Kuwinda usiku na kumulika mnyama kwa taa navyo vimekatazwa bila kibali. Wasomaji wetu walioko ng'ambo ya Namanga na Horohoro wakumbuke kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977.

Aina tatu mezani

Shotigani zinazouzwa ziko za aina tatu kubwa. Ya kwanza ni ya kukunja, yenye mtutu mmoja au miwili. Unaikunja katikati, unaweka risasi kwa mkono, unaifunga. Ina vyuma vichache, haichagui risasi, na ukiikunja kila mtu anaona kama ina kitu au haina. Ya pili ni ya pampu. Inabeba risasi kadhaa chini ya mtutu na unaijaza kwa kuvuta mkono wa mbele nyuma na mbele. Hii nayo inavumilia vumbi na risasi za kila namna, mradi anayeivuta asisite katikati.

Ya tatu ndiyo hii ya kujijaza. Faida yake kubwa si wingi wa risasi, kama wengi wanavyodhani. Faida yake ni kwamba sehemu ya nguvu inayosukuma bega hutumika kuendesha mtambo, hivyo mpigaji haumii sana na anabaki ameelekeza macho kwenye ndege. Mwenye mwili mdogo, mzee, au mwenye bega bovu ataiona tofauti hiyo siku ya kwanza.

Aliyeifanya bunduki ya namna hii iwezekane ni Mmarekani John Browning. Alipata hataza mwaka 1900, akashindwa kuelewana na kampuni ya Winchester kuhusu malipo, akavuka bahari hadi Ubelgiji ambako kiwanda cha FN kilianza kuitengeneza. Bunduki hiyo, Auto-5, ilitengenezwa karibu karne nzima, hadi mwaka 1998. Ndiyo ile yenye mgongo wa mraba nyuma, na bado ziko mikononi mwa watu. Katika Auto-5 mtutu wenyewe hurudi nyuma kila unapopiga. Siku hizi njia hiyo imeachwa, zimebaki mbili.

Gesi au msukumo

Njia ya kwanza ni ya gesi. Risasi inapopita mtutuni, moshi wenye nguvu huingia kwenye vitundu vidogo na kusukuma pistoni, nayo pistoni hurudisha nyuma chuma kinachotoa ganda na kuingiza risasi mpya. Remington 1100 ya mwaka 1963 ndiyo iliyoipa njia hii sifa, na nyingi za Beretta hufanya kazi hivyo. Bunduki za gesi ni laini begani. Kasoro yake ni masizi. Moshi ule ule unaoendesha mtambo huacha uchafu kwenye pistoni na vitunduni, na ukiachwa ukakauka, siku moja ganda litakwama nusu ndani nusu nje.

Njia ya pili hutumia msukumo wa bunduki yenyewe kurudi nyuma. Ndani kuna springi ngumu inayobanwa pale bunduki inaporudi, kisha inafunguka na kuendesha mtambo. Benelli ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1967, ndiyo iliyojenga jina kwa njia hii. Hakuna moshi unaoingia kwenye mtambo, vyuma ni vichache, na mara nyingi bunduki ni nyepesi. Kwa anayetembea kutwa nzima kutafuta kanga, wepesi huo ni kitu. Lakini bega litasukumwa zaidi, na bunduki hii inahitaji kurudi nyuma ili ijijaze. Ukiiegemeza kwenye nguzo, ukaifungia mizigo mizito, au ukatumia risasi dhaifu sana, inaweza kugoma.

Ipi ichaguliwe? Anayepiga risasi nyingi kwa siku, na ana nidhamu ya kusafisha, gesi itamfaa. Anayekaa mbali na fundi, anayepiga risasi chache za nguvu ya kawaida na anayetembea sana, ya msukumo ina matatizo machache zaidi. Kwa vyovyote vile usinunue aina ambayo huwezi kupata springi, pini na mpira wake wa akiba. Kabla ya kuuliza bei ya bunduki, uliza bei ya vipuri vyake. Muuzaji asiye na jibu amekwisha kukujibu.

Risasi ndiyo chakula chake

Tatizo nyingi zinazotupiwa bunduki ni za risasi. Bunduki ya kukunja itapiga chochote kinachoingia chemba. Ya kujijaza inategemea nguvu ya risasi, hivyo ni mchaguzi. Risasi nyepesi za mazoezi zenye gramu 24 za marisawa zinaweza kushindwa kuuendesha mtambo, hasa bunduki ikiwa mpya. Risasi za gramu 28 hadi 36 ndizo salama kwa kazi ya kawaida. Fanya hivi: zunguka kwanza madukani, uone ni risasi gani zipo mwaka mzima, kisha utafute bunduki inayozikubali. Wengi hufanya kinyume.

Kwa ukubwa wa mtutu, geji 12 ndiyo inayofaa kwa shughuli nyingi na ndiyo yenye risasi za aina nyingi. Geji 20 ni ndogo na nyepesi, nzuri kwa kwale na njiwa, lakini risasi zake ni adimu zaidi. Usizichanganye nyumba moja. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwa makosa kwenye geji 12 huteleza na kukwama mtutuni. Mtu akidhani hakuna kitu akaingiza ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu utapasuka karibu na mkono wake.

Soma pia urefu wa chemba uliochongwa ubavuni mwa mtutu. Nyingi ni milimita 70 au 76. Chemba ya 76 hupokea risasi ya 70, lakini ya 70 haipaswi kupewa ya 76 hata kama inaonekana kuingia. Bunduki za zamani sana zinaweza kuwa na chemba ya milimita 65, na hizo zipelekwe kwa fundi kwanza.

Namba ya marisawa nayo huwachanganya watu. Namba 6 ya Uingereza si sawa na namba 6 ya Marekani. Angalia kipimo cha milimita kwenye boksi. Kwa njiwa na kwale, marisawa ya milimita 2.4 hadi 2.6 yanatosha. Kwa kanga, ambaye ana manyoya magumu na mwili mzito, nenda milimita 2.7 hadi 3.1. Kwa nguruwe pori marisawa ya ndege ni ukatili. Utamjeruhi, akimbilie kichakani, na anayemfuata ndiye atakayepata taabu. Huyo anahitaji risasi moja nzito, au zile kubwa za milimita 8.4 ambazo kwa kawaida huwa tisa kwenye risasi moja, tena kwa karibu. Na kwelea kwelea hawafukuzwi kwa shotigani. Kundi la maelfu halitishwi na marisawa, toa taarifa kwa ofisa kilimo mapema.

Choki na umbali

Mdomo wa mtutu hubanwa kidogo ili marisawa yasitawanyike mapema. Mbano huo ndio choki. Bunduki nyingi za sasa huja na choki za kufunga na kufungua kwa ufunguo, na mnunuzi mmoja anaweza kutumia mtutu mmoja kwa kazi kadhaa. Kipimo cha zamani ni duara la sentimita 76 kwa umbali wa kama mita 36. Mtutu usio na mbano huweka ndani ya duara hilo karibu asilimia 40 ya marisawa, nusu mbano karibu 60, na mbano kamili karibu 70.

Kama utanunua choki moja tu, chukua nusu mbano. Kwa risasi moja nzito tumia mtutu ulio wazi au uliobanwa kidogo. Pia ujiwekee mpaka. Kupita mita 35 hivi marisawa hupoteza nguvu na hutawanyika. Anayejivunia kupiga kanga wa mita 60 hakuambii wangapi waliokwenda kufia mbali.

Iliyotumika: kagua haya

Wengi wetu tutaishia kwenye bunduki iliyotumika. Si vibaya, ila inunuliwe kwa muuzaji mwenye leseni au kwa mmiliki halali kupitia polisi, namba ya silaha ikilingana na ya kwenye karatasi. Bunduki ya "bei nzuri" inayouzwa nyuma ya soko ni jela inayotembea.

Hakikisha haina risasi, kisha angalia ndani ya mtutu ukielekea kwenye mwanga. Unatafuta mashimo ya kutu, uvimbe au mahali palipobonyea. Gusa springi na pistoni uone kama vimelika. Tazama kitako kama kina ufa mahali kinapoungana na chuma. Iweke begani ukiwa umefumba macho, kisha fumbua. Kama jicho halikuangukia juu ya mtutu, bunduki hiyo si ya mwili wako. Anayetumia mkono wa kushoto akumbuke kwamba nyingi hutupa maganda upande wa kulia, yanampita mbele ya uso.

Mwisho, omba kuijaribu mahali panaporuhusiwa. Risasi 25 za aina utakayotumia zipite bila kukwama hata moja. Ikikwama mara mbili, mshukuru muuzaji na uondoke.

Hesabu ya shamba

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu, weka za kwako. Tuseme bunduki, leseni na sanduku la chuma vimekugharimu Sh4,000,000. Risasi 50 kwa mwaka kwa Sh4,000 kila moja ni Sh200,000. Una ekari chache na wanyama wanakumalizia magunia 10 kila msimu. Gunia likiwa Sh70,000, hasara ni Sh700,000. Bunduki ikiokoa nusu yake, umeokoa Sh350,000. Toa risasi, zinabaki Sh150,000 kwa mwaka. Itakuchukua karibu miaka 27 kurudisha fedha zako.

Mwenye shamba kubwa anayepoteza magunia 100 ana hesabu nyingine. Nusu ya hasara yake ni Sh3,500,000, na bunduki inajilipa kwa mwaka mmoja na miezi michache. Kwa hiyo mkulima mdogo asidanganyike kwamba bunduki ni kitega uchumi. Kufyeka vichaka pembezoni, uzio, na kuamia shamba kwa zamu na majirani huweza kumwokolea zaidi kwa gharama ndogo. Wala wasifikirie kuchangia bunduki moja. Leseni ni ya mtu aliyeandikwa, haiazimwi kama jembe.

Na kama hesabu inakubali, jiulize tena kama unahitaji ya kujijaza. Kwa kulinda shamba, mitutu miwili ya kukunja inatosha, ni rahisi kuitunza, na haikutii kwenye utata wa sheria ya kuwinda. Ya kujijaza inamfaa zaidi mwindaji wa ndege mwenye leseni, anayepiga mara kwa mara na aliyefundishwa.

Inapokuwa nyumbani

Aliyezoea gobore amezoea kwamba ikishalia, imekwisha. Ya kujijaza haiko hivyo. Sekunde ile ile iliyolia, risasi nyingine imeshaingia chemba na triga iko tayari. Hili ndilo linaloua watu. Baada ya kila mlio weka sefti, ondoa kidole kwenye triga, na kabla ya kuruka mfereji au kupanda pikipiki, toa risasi zote. Vuta chuma nyuma kifunguke, angalia chemba kwa macho na kwa kidole. Chemba ikiwa tupu lakini kuna risasi magazini, bunduki hiyo haijawa tupu.

Ikianguka matopeni usipige kabla ya kuhakikisha mdomo wa mtutu uko wazi. Jioni isafishe: mtutu kwa kitambaa na brashi, pistoni ikwanguliwe masizi, kisha mafuta kidogo. Mafuta mengi hukusanya vumbi na kugeuka tope. Kwa wakazi wa pwani, kitambaa chenye mafuta kipite kila wiki hata kama haijatumika, maana kutu haina likizo. Bunduki ikae kwenye sanduku la chuma lililofungwa, risasi zikae mahali pengine penye kufuli, na ufunguo usijulikane na watoto.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utaratibu ni huu: ofisi ya kijiji na polisi, ofisa wanyamapori, duka la risasi, ndipo duka la bunduki. Anayefuata njia hiyo anaweza kuchelewa msimu mmoja, lakini atakuwa na silaha inayolia anapotaka ilie, na isiyomfikisha mahakamani.